Usukani Unaovuta Kulia

Euro kumi na mbili kwa siku, na pasi yangu
akaifungia kwenye kopo la biskuti.
Ramani hakunipa, Liborio.
Alinipa baiskeli ya kijani iliyobabuka,
kengele isiyolia ila tairi likiingia shimoni,
na maonyo mawili kwa vidole:
breki ya nyuma ni pambo;
usukani, ukiuachia, huvuta kulia.
"Kidogo tu," na vidole vikabana hewa.

Shanta niliiacha dukani, kati ya matairi,
na mgongo wangu, baada ya wiki tatu za mabasi
na mabenchi ya stesheni,
ukashangaa kama punda aliyesahauliwa kupakiwa.

Trapani ni ulimi wa jiwe
ambao Sisilia imeutoa, inamcheka mtu ng'ambo.
Nikaendesha mpaka nchani:
bahari kushoto, bahari kulia,
na mzee amejilaza juu ya mwamba, chupi na saa ya mkononi tu,
kana kwamba anasubiri treni.

Sokoni jodari alilala juu ya barafu, jicho wazi.
Muuza samaki akapaza sauti, akapunga kisu.
Nikapunga mkono. Hakuwa akinisalimu mimi.
"Ya Liborio hiyo!" akamwambia mwenzake.
Mama wa kuskusi naye akatoka na mwiko,
akautazama usukani, akatikisa kichwa:
"Bado hajaunyoosha?"
Mji mzima uliijua baiskeli.
Mimi nilikuwa mzigo wake.

Adhuhuri upepo wa kusini ukaja na vumbi la jangwa,
moto kama pumzi ya tanuri la mkate.
Nikachoka kubishana na chuma. Nikakiachia.
Kikanitoa barabara kuu,
kikanipitisha gati la meli za visiwani,
nyuma ya maghala, juu ya reli yenye kutu,
hadi mji ulipokwisha na chumvi ikaanza:
vidimbwi vya maji ya waridi,
kinu cha upepo kilichokatika bawa,
na vilima vyeupe vilivyoezekwa vigae
mithili ya nyumba zisizo na watu ndani.

Mwanamke mwenye buti za mpira aliacha reki yake.
Aliliangalia tairi kabla ya uso wangu.
"Ninfa," akajigonga kifuani, mara moja.
Kisha akainama, akagusa mnyororo,
akanusa kidole, akasonya.
Akachota chumvi, akaifunga kwa ukurasa wa gazeti,
akaitundika kwenye usukani kwa uzi.
"Kwa kaka yangu. Mwambie mnyororo una kiu."
Kiitaliano changu ni cha kuomba maji na kuuliza choo,
lakini kiu naijua.

Ndugu wakigombana, wahenga walinena,
shika jembe ukalime.
Jembe sina. Nikakanyaga pedali,
upepo kifuani, chumvi ikinigonga goti
njia nzima.

Liborio hakuuliza nilikokwenda.
Alikipima kifurushi kiganjani, hakukifungua,
akakipandisha rafuni juu ya pampu,
kando ya vingine vya gazeti lilelile.
Nilihesabu kumi na tisa
kabla hajasimama mbele yangu kunikinga.
"Daktari kanikataza chumvi."
"Na yeye anajua?"
"Ndiye aliyenipeleka kwa daktari."
Kisha, akiiambia spoku aliyoishika:
"Kabla ya mambo ya nyumba ya baba."

Nami nilidhani nimekodi baiskeli!
Kumbe nimekodiwa mimi,
na stempu nimejilipia.

"Mnyororo una kiu," nikafikisha.
Akaitikia kwa kichwa, akachukua kopo la mafuta.
"Na usukani," nikasema, "mbona huunyooshi?"

Akaliweka chini kopo la mafuta,
akafungua lile la biskuti kunitafutia pasi.
Aliitafuta muda mrefu sana,
na humo ndani
mlikuwa na pasi moja tu.